Pomadi ya Saa Sita

14 Novemba

Mvua ya kwanza yenye maana imenyesha leo, nami nimerudi kutoka kliniki na tyubu tatu za pomadi ndani ya mfuko wa plastiki. Barabara yote ya kuja Kamalondo ilikuwa inatoa mvuke, na watu waliokuja mbele yangu walionekana nusu tu, kuanzia magotini kwenda juu. Nilifurahi kuona kwamba siku moja hata wengine hawana miguu.

Nesi Régine amenipa pia daftari la visanduku. Kila siku niandike namba ya maumivu, kutoka sifuri mpaka kumi, halafu niweke alama tatu: asubuhi, mchana, jioni, na nyingine ikiwa hakuna kidonda. Hakuna mahali pa kuandika neno hata moja. Mimi nimefundisha watoto kusoma na kuandika miaka thelathini na minne katika shule ya masista, siwezi kuzoeana na daftari lisilotaka maneno. Ndiyo maana nimenunua hili jingine, langu mwenyewe, na humu nitasema nipendavyo.

Nina sukari mwaka wa kumi na nne huu. Daktari Mwansa anasema imeunguza mishipa ya fahamu miguuni. Nyayo zinawaka utadhani nimesimama juu ya mbabula, jiko letu la makaa, na papo hapo nikikanyaga sakafu siisikii sakafu. Nawaka na nimekufa ganzi kwa wakati mmoja. Nimemweleza padri, nimemweleza jirani, wote wananitazama kama ninasema uongo.

"Mama Marceline," Régine aliniambia, "hii tube iko na numéro tu. Hata mi sijue kama ni dawa ao ni mafuta ya bure. Njo vile étude inaomba. Mara tatu kwa siku, asubui, midi na mangaribi. Muntu mwingine njo atakupakala, na gants ku mikono, dakika tano kila muguu. Na mbele ya kupakala, aangalie chini ya muguu kama hakuna kilonda."

Nikasema sawa, nikatia sahihi kwenye karatasi za utafiti wao. Dada yangu Chilufya alikatwa mguu wa kushoto, na baada ya hapo aliishi miezi saba tu. Mimi nataka kuzikwa na miguu yangu yote miwili. Nilimwambia daktari hivyo, akacheka. Mimi sikucheka.

16 Novemba

Nane.

Binti yangu Syntiche amenipaka asubuhi hii kwa mara ya mwisho, halafu gari likaja kumchukua kwenda Kinsevere. Anapikia wafanyakazi wa mgodi. Anakaa kambini mwezi mzima au zaidi, nyumbani wiki moja. Asubuhi na jioni atakuwa anakuja jirani yetu Nono, kabla na baada ya kuuza makaa yake. Tatizo ni saa sita mchana. Saa sita Nono yuko sokoni, na nyumbani tunabaki watu wawili: mimi na Adalbert, mume wa Syntiche.

Adalbert ni fundi cherehani. Anashona barazani, hatua nane kutoka kitanda changu. Mikono anayo, muda anao, ila hawezi kunigusa. Kwetu mama mkwe na mkwe hawagusani, hawali pamoja, hawatazamani usoni, mpaka siku ukoo utakapokaa na kumwingiza mkwe kwa chakula na maji. Mimi sijamwingiza. Miaka kumi na moja tunaishi chini ya bati moja na sijui macho yake yana rangi gani. Nikipita anainamisha kichwa. Akipita yeye, mimi nageukia ukuta.

Watu wengine wa mji wameacha mambo haya. Mimi sikuacha, na nina sababu yangu, nitaiandika siku nyingine.

17 Novemba

Nane. Mvua.

21 Novemba

Saba. Leo nilijaribu kujipaka mwenyewe saa sita. Tumbo langu na magoti yangu hayakukubaliana. Nilifika kwenye kifundo, nikahema, nikalala chali nikitazama bati.

Mvua ilikuwa inapiga juu ya bati, na cherehani ya Adalbert ilikuwa inapiga chini, na katikati ya sauti hizo mbili nilisinzia. Nilipoamka saa nane ilikuwa imepita. Nikachukua daftari la visanduku nikaweka alama kwenye kisanduku cha mchana. Nimeweka jana pia, na juzi. Ningemwona mwanafunzi anafanya hivi ningemsimamisha mbele ya darasa.

29 Novemba

Sita, na si ya kubembeleza. Sita kabisa.

Niandike jinsi tunavyoongea mimi na mkwe wangu, maana siku nitakayokufa hakuna atakayeamini. Adalbert haongei nami. Anaongea na cherehani yake, na mimi naongea na mbabula.

Leo aliiambia cherehani kwa sauti kubwa: "Machine, mvua inakuya. Bantu beko na manguo inje."

Nikaiambia mbabula: "Mbabula, asante. Manguo ikae, imenyeshewa tangu asubui."

Baada ya kitambo: "Machine, mi nitaenda kuitosha. Bantu bafunge macho kidogo."

Nikafumba macho, akapita uani, akaanua nguo. Nilisikia harufu ya mvua ikiingia naye, na harufu ya mafuta ya cherehani. Nilipofumbua alikuwa amesharudi barazani na nguo zilikuwa juu ya kiti, zimekunjwa vizuri kuliko anavyokunja binti yangu.

3 Desemba

Tano. Nono anapaka huku anahesabu makaa yake kwa mdomo. Sidhani anatazama chini ya mguu. Macho yake mabovu na miwani hataki.

8 Desemba

Nne!

Nimeandika nne halafu nikakaa nikiitazama. Usiku wa jana nililala moja kwa moja mpaka kengele ya misa, jambo ambalo sijalifanya tangu marehemu mume wangu alipokuwa hai. Nikaota natembea kando ya reli ya Sakania. Majani yalikuwa marefu, yana umande, yananigusa miguuni, na kila jani nilikuwa nalisikia peke yake. Garimoshi lilikuja nyuma yangu polepole bila kelele, na mume wangu alikuwa dirishani, anakula hindi la kuchoma. Hakuniambia nipande. Alinitazama tu nikitembea, akafurahi.

Nilipoamka nilishusha miguu nikaiweka sakafuni. Sikusikia sakafu, lakini moto ulikuwa umekwenda mbali. Nikavua kandambili. Régine amekataza kutembea miguu mitupu, najua, lakini yeye hajui ubaridi wa simenti nyekundu ya baraza iliyopigwa rangi na kusuguliwa. Ubaridi huo hauingii kwenye ngozi, unaingia moja kwa moja rohoni. Nimeenda na kurudi barazani mara sita. Adalbert aliinama juu ya cherehani yake muda wote.

Kama haya ni mafuta ya bure, basi Mungu anisamehe, nayataka hayohayo.

15 Desemba

Nne. Maembe yameanza kuoza uani. Siwezi kula hata moja na nyuki wanakula yote.

25 Desemba

Syntiche yuko nyumbani. Tumekula Noeli kama kawaida yetu: mimi chumbani, Adalbert barazani, na Syntiche katikati, anakimbia na sahani huku na huku mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka.

Baadaye alikaa chini kunipaka pomadi, na bila kuinua uso akasema: "Mama, ni lini mutamuingiza Adalbert? Bantu banacheka. Onze ans, mama, miaka kumi na moja."

"Alete mjukuu kwanza," nikamwambia.

Hiyo ndiyo sababu niliyosema nitaiandika. Siku ya ndoa yao niliapa mbele ya ukoo kwamba mkwe ataingizwa siku atakaponiwekea mjukuu mapajani. Mwaka wa kwanza haikuwa kitu. Mwaka wa tatu Syntiche alianza kwenda kwa madaktari. Sasa haendi tena na hatuzungumzi, na mimi ni mtu ambaye akisema neno halirudishi.

Syntiche alimaliza dakika tano za mguu wa kulia, akafanya dakika tano za kushoto, akaangalia nyayo vizuri, akavua glavu. Mkono wake ulikuwa mzito leo, au pengine ni mimi.

4 Januari

Tatu. Syntiche amerudi kambini tangu Alhamisi. Saa sita nimeweka alama.

9 Januari

Tatu. Mvua tangu alfajiri. Sindano ya cherehani ya Adalbert ilikatika leo, nilisikia mlio mdogo na yeye akasema "merde" halafu akaiomba cherehani msamaha kwa ajili yangu.

10 Januari

Adalbert amefunga sumaku ya spika ya redio kwenye uzi, anaipitisha barazani kote, anavuta polepole kama anayemtembeza mbwa. Mtu mwenye umri wake.

11 Januari

Tatu. Sumaku tena.

12 Januari

Misa. Nimetembea mwenyewe kwenda na kurudi, watu wamenipongeza. Adalbert na sumaku yake, leo mpaka kwenye kizingiti cha chumba changu. Nilipiga kikohozi akarudi nyuma.

14 Januari

Nina hasira na nitaiandika hapa kwa sababu mbabula imechoka kunisikiliza.

Nilitoka kuoga, nikapita barazani kuelekea chumbani, miguu mitupu na imelowa. Adalbert alikuwa ameinama kama kawaida. Nilipofika kitandani nikasikia cherehani imesimama. Halafu akasema, pole pole sana: "Machine, kuko alama ku simenti. Alama ya muguu wa kushoto iko na damu pa kati. Bantu baangalie ule muguu."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Mkwe anatazama nyayo za mama yake mkwe! Anazichunguza, anajua wa kushoto na wa kulia! Marehemu mume wangu angesikia haya angetoka kaburini. Nikaiambia mbabula: "Mbabula, mwambie uyo muntu macho yake ashonee manguo."

Jioni aliichukua cherehani yake na kiti chake akaenda kushonea nje karibu na geti, chini ya turubai, kwenye mvua.

Nono alipokuja nilimuuliza kama kuna damu. Aligeuza mguu kwenye mwanga wa taa akasema, "Haiko kitu, labda ni rangi ya simenti." Nimeweka alama: hakuna kidonda.

15 Januari

Mbili. Mguu wa kushoto umevimba kidogo, ni mvua.

16 Januari

Nimelala mchana kutwa. Niliota tena reli, lakini majani yalikuwa hayana umande na garimoshi halikuja. Baraza iko kimya sana bila cherehani. Nasikia baridi na blanketi lote ninalo.

17 Januari, na nimeandika siku moja baadaye

Asubuhi ile Adalbert hakushona. Alitoka mapema, sikujua wapi, na mvua ilikuwa ya kuvunja miti. Nilikuwa nusu macho nusu ndotoni, naona bati linapumua juu yangu, linakuja chini, linarudi. Halafu nikamwona Nesi Régine amesimama mlangoni anatiririsha maji, na nyuma yake mtu ameinama, viatu vyake vimejaa tope mpaka kwenye kamba.

"Mama, mbona haukuniita?" Régine alisema. Alikuwa ameshika mguu wangu na mimi sikuwa nimejua. "Ni uyu bwana njo alikuya kuniita. Ametoka huku na miguu, na hii mvua! Anasema tangu mardi, siku tatu sasa, anaona damu mu alama ya muguu."

Mguu ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kifundo. Chini, karibu na kidole gumba, palikuwa na tundu dogo, dogo kuliko punje ya mchele. Régine alibonyeza, kikatoka kitu ambacho sitakiandika. Sikusikia chochote. Namba yangu asubuhi ile ingekuwa moja. Niliitamani moja tangu Novemba, na imekuja siku ambayo mguu wangu unaoza.

Kliniki walipiga picha. Daktari Mwansa aliiinua kwenye dirisha, na katikati ya kivuli cha mguu wangu palikuwa na mstari mweupe ulionyooka. Nusu ya sindano ya cherehani. Nilikuwa nimetembea nayo siku nane, kwenda misa na kurudi, nikapongezwa.

Nilitazama picha ile na sumaku yote ikanirudia, siku tatu za sumaku. Adalbert alikuwa kwenye korido, mlango uko wazi. Alielekea ukutani akasema na ukuta: "Ukuta, ile sindano iko ya machine yangu. Ilivunjika le neuf, tarehe tisa. Nilitafuta na aimant, sikuona. Niliogopa kusema. Kuambia mama mukwe atembee na viatu, ni kumuambia niko naona miguu yake. Ukuta, nilikosa nguvu."

Mimi sikuutazama ukuta. Nilimwambia Régine: "Ambia uyo muntu atoke hapa. Aende mbali na mimi." Na alienda.

Walipasua, wakatoa, wakasafisha. Daktari Mwansa alikaa kwenye ukingo wa kitanda, na safari hii hakucheka. "Mama, kama mfupa umeshikwa, nitakata vidole, na labda nitapanda juu. Siku kumi na nne njo zitatuonyesha. Vitanda tunakosa, mutarudi ku nyumba. Dawa, muguu juu, hapana kukanyaga hata mara moja. Na pansement, kufunga kilonda, mara mbili kwa siku, muntu mwenye mikono mizuri na macho mazuri. Muko na muntu?"

Nikasema ninaye. Nilikuwa nimezoea kuweka alama.

18 Januari

Homa imeshuka kidogo. Syntiche alilia kwenye simu. Zamu yake inaisha tarehe mbili Februari na hakuna wa kumshikia jiko kabla ya hapo. Régine amesema atakuja kufunga kidonda mpaka kesho Jumapili, baada ya hapo hawezi, ana wagonjwa wengine. Nono akiona damu anaanguka.

Jioni amefika mdogo wangu Mapalo kutoka Sakania. Syntiche ndiye aliyempigia. Ameacha duka lake la vitenge, amekaa juu ya magunia ndani ya lori kutwa nzima, ameingia na tope mpaka kwenye nywele, na kabla ya kunisalimia ameuliza: "Mukwe wako eko wapi?"

"Nimemfukuza. Sindano ni yake."

Mapalo alivua kitambaa cha kichwa akakikamua mlangoni. Yeye ni mtu wa maneno machache, labda kwa sababu mimi nilitumia yote tukiwa wadogo.

"Sindano ni yake," alisema. "Na kutembea bila viatu, ni ya nani? Na ile pomade ya midi, nani alikuwa nakupakala?"

Niligeukia ukuta.

"Marceline, mu hii nyumba yote, muntu moja tu anajua miguu yako. Juu miaka kumi na moja ulimukatalia uso. Ulitaka aangalie wapi? Aliangalia chini. Njo kule alikuta miguu yako."

"Niliapa mbele ya ukoo, Mapalo. Mjukuu kwanza."

"Na we ulijua kama mutoto atakataa kukuya? Syntiche njo unamulipisha, haiko uyu bwana. Kila sahani anabeba anapita nayo hapa, anasikia: hauna mutoto, hauna mutoto." Alikaa kitandani, akaweka mkono wake wenye tope juu ya goti langu. "Chilufya alikufa naona. Mi sitaki kuzika wa pili juu ya mudomo."

Nililia. Nimezeeka, na nimelia kama mwanafunzi aliyeshikwa. Miaka yote hii nilidhani namsubirisha Adalbert, kumbe nilikuwa nampiga binti yangu kwa sahani.

19 Januari, Jumapili

Tumemwingiza.

Haikuwa kama inavyotakiwa. Hakukuwa na nyimbo wala shangazi sita. Kwa upande wake alikuja baba yake mdogo, Fils, mzee wa reli mwenye kofia, amesimama mlangoni kwa woga kwa sababu wao ni Waluba wa kaskazini na hakujua sisi tunafanyaje. Mapalo alikuwa amemtuma Nono kuwaita wote wawili, akapika kuku. Mimi nilikuwa kitandani, mguu juu ya mito miwili.

Adalbert aliingia ameinama. Mapalo aliweka beseni la maji kati yetu, akasema: "Marceline, tia mikono. Adalbert, tia yako." Tukanawa katika maji yaleyale. Vidole vyake vina alama ndogo ndogo za sindano, nyingi, za zamani. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, na mvua ilikuwa imekuwa nyembamba, ile ya jua likiwaka, na chumba chote kikapata rangi ya asali. Kwa kitambo sikujua kama niko macho au kama hii nayo ni ndoto.

Mapalo akafunua masufuria moja moja. "Hii ni bukari. Hii ni kuku. Hii ni sombe. Kuanzia leo unakula mbele ya mama yako. Kuanzia leo akigonjwa utamubeba." Halafu akamwinua kidevu kwa vidole viwili. "Angalia."

Akaangalia.

Macho yake ni ya kahawia, makubwa, ya mtu anayecheka upesi. Na mvi anazo, mvi nyingi! Nilikuwa nimemwacha kijana wa ndoa, nikamkuta mzee mwenzangu.

"Adalbert," nikamwambia, "mi nilikukosea. We na muke yako. Nilibalipisha kitu Mungu hakutoa."

"Mama, ile sindano..." alianza.

"Wacha sindano. Kula."

Alikula paja zima mbele yangu huku machozi yanamtoka, na mzee Fils akavua kofia.

20 Januari

Amefunga kidonda mara ya kwanza. Alinawa mikono mpaka viwiko, akavaa glavu. Nilimtazama akifanya kazi. Ana mikono ya mtu aliyezoea kitambaa cha watu, kisichotakiwa kuharibika. Sikusikia mkono wake kabisa. Niliuona tu.

24 Januari

Kidonda kirefu bado. Adalbert anaongea! Asubuhi mpaka jioni, siasa, mpira, bei ya uzi, hata kinachosemwa na majirani wa nyuma. Nilidhani ni bubu. Nimemwambia leo aiambie cherehani kidogo nami nipumzike.

27 Januari

Régine amekuja kuchukua daftari la visanduku. Nililishika kwanza.

"Ile ma-croix, alama ya midi, ni uongo," nilimwambia. "Karibu yote. Kama Syntiche haiko, hakuna siku moja walinipakala midi. Na hapa niliandika hakuna kilonda, mi sikuangalia."

Alipitisha kidole kwenye visanduku vyangu vilivyonyooka vizuri. Hasira aliyokuwa nayo aliimeza. "Mama, mwalimu muzima," alisema. Halafu: "Nitawaambia. Jina yenu itatoka mu étude. Mutarudisha ma-tubes."

Nikarudisha. Ile ya mwisho ilikuwa na nusu yake. Nilimuuliza kama ilikuwa dawa au mafuta, akasema jibu litakuja mwaka ujao, na kwa waliobaki tu. Niliipenda sana tyubu ile. Sioni aibu kulisema. Ilinipa reli na majani na umande, na ilipokuwa inanipa hivyo mimi nilikuwa nadanganya juu yake kila siku saa sita.

31 Januari

Siku ya kumi na nne. Picha nyingine. Daktari Mwansa ameitazama muda mrefu, akaigeuza, akamwita mwenzake. Mfupa hauko safi kabisa. Kidole gumba bado anakitilia shaka. Dawa wiki nane zingine, halafu atasema. Adalbert alinibeba mgongoni mpaka kwenye teksi, na njiani nikasinzia juu ya bega lake.

3 Februari

Syntiche yuko nyumbani. Tumekula sahani moja sote watatu, na hakujua mikono yake aiweke wapi kwa kuwa hakuna pa kukimbilia. Nilimwomba msamaha mbele ya mume wake. Alitoka uani, akakaa kwenye mvua muda mrefu, akarudi ameloa, akaendelea kula. Hajaniambia amenisamehe. Sitamharakisha.

16 Februari

Mvua. Kidonda sasa ni kama kifungo cha shati, anasema Adalbert.

2 Machi

Kifungo kidogo.

Moto umerudi nyayoni bila pomadi. Mguu wa kulia tu. Wa kushoto kimya, na ukimya huo unaniogopesha kuliko moto. Mchana nalala nikisikiliza mvua na cherehani, ambayo imerudi barazani, na naujaribu ule mguu kwa mawazo, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayegonga milango ya nyumba isiyo na taa.

14 Machi

Adalbert anasema kidonda kimefunga. Nimemwambia asiseme, daktari ndiye atasema.

28 Machi

Mbingu nyeupe, mvua zinakwisha. Daktari Mwansa aliweka picha tatu kwenye dirisha, ya Januari, ya katikati na ya leo. "Muguu unabaki, mama," alisema. "Na vidole byote." Nilimuomba arudie. Alirudia.

Régine alikuwa na karatasi ya mwisho ya kujaza. Akauliza uzito, akauliza sukari, akauliza kama navaa viatu ndani ya nyumba, akanitazama juu ya miwani mpaka nikasema ndiyo. Halafu: "Ku nyumba, ni nani anawaangalia miguu kila siku?"

"Mutoto yangu," nikasema.

"Syntiche?"

"Adalbert."

Aliandika. Adalbert alikuwa amekaa karibu yangu na mfuko wangu wa dawa juu ya magoti. Yeye ambaye hanyamazi siku hizi aliinama akanifunga kamba za viatu, cha kulia, halafu cha kushoto, akachelewa sana hapo chini.

29 Machi

Nimeamka naungua. Miguu yote miwili inaniuma, hata wa kushoto uliokuwa kimya.